Mwonja Kakao kwenye Semina ya Alhamisi

Nianze kwa kukiri kwamba nilimkasirikia Mama Kanyere, tena kwa muda mrefu. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa na haki, na hakuna kitu kinachomchoma mtu aliyesoma kuliko hicho. Mimi naitwa Luc. Nilisoma uhandisi miaka mitano hapa Butembo, nikaongeza miwili Kampala, nikarudi kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa roboti cha chuo chetu. Vyeti vyangu vitatu vimening'inia sebuleni. Mama Kanyere hana hata kimoja, na leo nikimtaja mbele za watu kifua changu kinajaa, ingawa habari ninayotaka kusimulia hainipambi hata kidogo.

Kituo chetu si kikubwa. Ni vyumba vinne na karakana, juu ya kilima ambako upepo wa asubuhi unakulazimisha kuvaa koti hata jua likiwaka. Roboti tunazitengeneza kwa vitu tunavyovipata: mota za vifuta-kioo vya malori yaliyokufa, magurudumu ya toroli, mbao za mkaratusi. Kila Alhamisi saa nane mchana kuna semina. Mtafiti mmoja anasimama mbele, projekta inawashwa, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, nasi tunasikiliza. Naipenda Alhamisi. Hata mtu aliyeshinda wiki nzima akilehemu vyuma, siku hiyo anachomekea shati.

Ila semina zetu zilikuwa na ugonjwa wake. Sisi watu wa Butembo tunajua kumstahi mtu mbele za watu, na heshima hiyo tuliingia nayo ukumbini bila kuivua. Mzungumzaji akimaliza, mwenye swali huanza kwa kumpongeza, kisha humpongeza tena kwa Kifaransa kizuri zaidi, kisha muda unakwisha. Miaka minne sikuwahi kumsikia mtu akimwambia mwenzake kwamba amekosea. Hayo tuliambiana nje, kwenye ngazi, kwa sauti ya chini, wakati hayamsaidii mtu tena.

Mama Kanyere alizaliwa Eringeti, kwenye barabara ya kwenda Ituri, katika familia ya Kiprotestanti ambayo wote walilima na wote waliimba kwaya. Aliolewa huko, akazaa huko, akapanda kakao huko pamoja na mume wake. Mambo yalipoharibika kwa bunduki mashambani waliondoka na watoto na sufuria mbili. Mume hakufika Beni. Hilo hulitamka mara moja tu, haongezi neno, nawe unajifunza kutouliza. Sasa ana miaka hamsini na minne. Ni mfupi, mabega mapana, na kicheko chake hufika mlangoni kabla yake.

Katika ushirika wa kina mama wanaouza kakao pembeni mwa mji wa Beni, yeye ndiye msimamizi wa kuchachusha na kukausha. Wakulima huleta mbegu zikiwa bado na utelezi wake mweupe. Zinamiminwa kwenye masanduku ya mbao, zinafunikwa majani ya mgomba, zinachacha siku sita, kisha zinatandazwa mezani juani. Kuyaandika hayo ni rahisi. Kazi yenyewe ni kujua lini. Mama Kanyere huzamisha mkono sandukuni mpaka kiwiko huku akitazama pembeni, anautoa, anaunusa, kisha anasema kesho, au anasema sasa. Mbegu zikiwa mezani hukamata konzi moja, huifinya karibu na sikio, halafu hung'ata mbegu moja. Hakuna gunia linalopakiwa kwenye lori kabla yeye hajang'ata. Tangu aanze kazi hiyo, mnunuzi mkubwa wa Beni hakuwahi kuwarudishia hata gunia moja, na soko zima linalijua jambo hilo.

Nilimfahamu nilipowapelekea mashine yangu. Ilikuwa sanduku jepesi juu ya magurudumu manne, linalotembea kwenye reli mbili kando ya meza ya kukaushia, na chini yake reki ya meno ya mbao inayogeuza mbegu. Ilikuwa na vihisi vya unyevu na betri inayochajiwa na jua. Inatandaza, inageuza, inapima, inaandika. Wanawake waliitazama asubuhi nzima ikienda na kurudi, wao wakiwa wamekaa chini, jambo ambalo lilikuwa halijatokea pale uwanjani.

"Tutaiita Directeur," akasema Séphora, katibu wa ushirika, mwanamke kijana mwenye ulimi mwepesi. "Iko inatembea-tembea tu, hapana kubeba kitu."

Jina hilo la mkurugenzi likashika palepale. Mimi nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa na haraka ya kuona vipimo. Kwa mikono ya wanawake kakao hukauka kwa siku saba, nane mawingu yakizidi. Directeur aliikausha kwa siku tatu. Nilikuwa nimekaa na kompyuta magotini nikiona mstari wa unyevu ukishuka vizuri, nikampigia simu Profesa Apollinaire, mkurugenzi wa kituo, nikipayuka kama shabiki wa mpira. Siku tatu! Séphora alifurahi kunishinda. Kakao inayokaa nje siku chache hainyeshewi na haitazamwi na wezi, na migongo ya wenzake ingepumzika.

Mama Kanyere akachukua mbegu moja, akaitafuna polepole, akaitemea kiganjani na kukiangalia alichotema.

"Inakauka mbio sana, mutoto wangu."

"Njo vile tulikuwa tunatafuta, Mama," nikamjibu.

"Njo vile mulikuwa munatafuta. Lakini iko mukali. Siki yake inabakia mu ndani."

Nikamwonyesha mstari kwenye skrini, unyevu asilimia saba, vile vile inavyotakiwa. Akautazama kwa adabu, akasema ni muzuri sana, kisha akarudia kwamba kakao ni kali. Wiki iliyofuata tukafanya jaribio la pili. Akatafuna, akatema, akasema maneno yale yale. Safari hiyo hasira zilinipanda. Nikamuuliza, mbele ya wenzake, kama anaogopa mashine isije ikamnyang'anya kazi. Naona haya hata kuliandika. Mama Kanyere alikaza kikwembe chake kiunoni. Akarudi kwenye masanduku yake. Mimi mwenyewe, ujue, sikuwa nimeonja hata mbegu moja. Nilikuwa na vihisi, nionje ya nini?

Basi ikaja Alhamisi yangu. Profesa Apollinaire alikuwa amemwalika Madame Falonne kutoka Kinshasa, mwakilishi wa mradi mmoja unaosaidia vyama vya ushirika. Akiridhika, mradi ungetuagiza mashine ishirini za kugawia vyama kutoka Beni mpaka Manguredjipa. Na ushirika wa Beni haukumsubiri yeye: kamati ilikuwa imekwisha kuamua kwamba kuanzia Jumatatu mavuno yote ya msimu mkubwa, tani nane, yatapita chini ya Directeur. Mimi nilipangiwa dakika arobaini. Baada yangu ratiba ilisema: ushuhuda wa mkulima, dakika mbili.

Ushirika ukamchagua Mama Kanyere, maana uwanja ni wake. Sikupenda, lakini ningesema nini? Nikampigia simu.

"Mama, ni kusema tu aksanti. Dakika mbili, unakaa."

"Nimesikia," akajibu, akakata.

Kilichotokea njiani nilikuja kuambiwa na Séphora mwenyewe. Walitoka Beni asubuhi, wawili kwenye kiti cha nyuma cha teksi, na Séphora alimbembeleza mwendo mzima. "Mama, usituharibie. Bamama bote banaipenda ile mashini. Useme tu ni muzuri, turudi." Gari lilianza kupanda mlima wa Kabasha na hewa ya baridi ikaingia dirishani. Ndipo Mama Kanyere akasema, "Séphora, nikisema ni muzuri, lori itapeleka kakao yetu, na ile lori itarudi nayo. Siku ile mutauliza ni nani alisemaka ni muzuri. Mutajibu nini?"

"Tutajibu ni wewe," akasema Séphora.

"Bon," akasema Mama Kanyere, akavaa sweta yake.

Ukumbi ulijaa. Alikaa mstari wa mbele, sweta ya kijani juu ya kikwembe, begi la mkononi juu ya mapaja, ubavuni mwa Madame Falonne. Nikazungumza dakika zangu arobaini kwa Kifaransa. Nilionyesha reli, vihisi, mstari unaoshuka. Nilipofika kwenye siku tatu nilinyamaza kidogo makusudi ili watu wapige makofi, nao wakapiga. Yakaja maswali mawili, yote pongezi. Kisha Profesa akamkaribisha mama yetu kutoka Beni atoe ushuhuda.

Alisimama, akaishika maikrofoni kwa mikono miwili jinsi wanavyoishika waimbaji wa kwaya.

"Bonjour kwa bote. Mimi ni Kanyere, nimetoka Beni. Ninasema aksanti kwa chuo. Ile mashini inapumuzisha migongo ya bamama, na hiyo ni ya kweli, sisemi tu ju ya kuwafurahisha."

Makofi tena. Nikashusha pumzi. Profesa alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuichukua maikrofoni.

"Sijamaliza," akasema Mama Kanyere.

Akafungua begi, akatoa mifuko miwili ya mbegu, mmoja umefungwa kwa uzi mweupe, mwingine kwa uzi mwekundu. Akaipitisha safu kwa safu. "Kila mutu akamate moja huku na moja huku. Alume."

Natamani ungeuona ukumbi wetu. Madaktari wa sayansi waliovaa tai, wahadhiri, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wote wanatafuna. Madame Falonne aling'ata ya uzi mweupe akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha aking'ata ya uzi mwekundu jicho lake moja likafunga lenyewe. Profesa Apollinaire alitafuna, akaangalia dari.

"Ya uzi nyekundu iko namna gani?" akauliza Mama Kanyere.

Wote walikuwa wameonja, wote walikuwa wamejua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema mbele ya mgeni. Mwishowe Profesa akasema kwa upole kwamba tunamshukuru mama kwa ushuhuda huo mzuri, na kwamba sasa tutaendelea na ratiba.

Mama Kanyere hakukaa. Aligeuka akaniangalia, wala si kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira ningepata nafuu.

"Ingénieur, wewe bado hujaonja."

Mbegu mbili zilikuwa kiganjani mwangu zikinata kwa jasho. Niling'ata ya uzi mweupe. Ilikuwa chungu, kisha nyuma ya uchungu ikaja ladha kama ya tunda, ikakaa. Nikang'ata ya uzi mwekundu. Siki ilinipanda mpaka puani, nikakohoa.

"Iko mukali," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Ukumbi ni mrefu, nikarudia kwa nguvu. "Iko mukali! Hii njo ya mashini yangu, Mama?"

"Njo yako."

Uso wangu ulikuwa wa moto. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, nami nilimchukia yule mama kwa muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu. Halafu nikakumbuka lile swali nililomuuliza uwanjani mbele ya wenzake, na chuki ikanigeukia mwenyewe.

"Sasa nikuulize," akasema. "Kwenu banalima nini?"

"Kahawa, Mama. Kule Lubero, ku milima."

"Na ile kahawa munaikaushaka namna gani?"

Hilo nalijua tangu utotoni. Nikamweleza kwamba kahawa iliyooshwa unaitandaza nyembamba, na tangu saa ya kwanza unaigeuza bila kuchoka, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ili maji yatoke upesi. Nilipokuwa nasema hivyo mkono wangu ulikuwa hewani unaonyesha, na nikauona. Ulikuwa unatembea sawasawa na Directeur. Nikakatiza sentensi katikati.

"Ni nani hapa, kwao banalima kahawa?" Mama Kanyere akauuliza ukumbi mzima.

Mikono ikaanza kuinuka. Mmoja, kumi, karibu wote. Wa mwisho, polepole, ulikuwa wa Profesa Apollinaire. Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, na Madame Falonne akacheka pamoja nasi. Ukumbi wa wana wa kahawa! Tulikuwa tumeitazama mashine ile mwaka mzima karakanani, na hakuna hata mmoja aliyeona kosa, kwa sababu ilifanya vile mama zetu walivyofanya.

"Mashini yenu haina mubaya," akasema Mama Kanyere walipotulia. "Muliifundisha kahawa, njo mukaituma ku kakao."

Nilizima projekta. Sikumwomba mtu ruhusa. Nikachukua chaki, nikasimama ubaoni, nikamwambia, "Tufundishe, Mama."

Akatufundisha. Kakao haiachi siki yake kwa haraka, alisema. Siku ya kwanza unaitandaza nene, unaigeuza mara mbili tu. Jua la saa sita likiwa kali unaifunika. Jioni unaikusanya pamoja ilale na joto lake. Siku ya pili na ya tatu vile vile. Siku ya nne ndipo unaanza kuipunguza unene kidogo kidogo na kuigeuza mara nyingi. Nikamuuliza unene gani. Akasimamisha kiganja juu ya meza, vidole vikielekea chini, akaonyesha mpaka kiungo cha pili, nami nikapima kwa rula: sentimita tano. Nikamuuliza anajuaje jua limekuwa kali mno.

"Ninaweka mukono ku mbao ya meza. Kama siwezi kuuacha pale, ninafunika."

Vihisi vyangu vyote vilikuwa vinapima unyevu wa mbegu. Hakuna hata kimoja kilichopima joto la mbao. Niliandika hilo ubaoni na kulipigia mistari miwili. Mtu wa nyuma akainua mkono, akauliza mvua ikinyesha siku ya pili inakuwaje. Mwingine akauliza kuhusu mawingu. Mafuta ya jenereta yakaisha, maikrofoni ikafa, Mama Kanyere akaendelea kwa sauti ya kwaya, na hakuna aliyetoka.

Madame Falonne alisema mwishoni, kwa Kifaransa, kwamba hataagiza mashine ishirini siku hiyo. Angerudi baada ya msimu, na sharti lake lilikuwa moja: mashine ifundishwe na huyu mama. Nilimwona Profesa akiliandika sharti hilo. Baadaye aliniita ofisini, nikajiandaa kukaripiwa. Alichezea kalamu.

"Nilijua tangu nilipoonja," akasema. "Nilijua, na nikamwambia akae. Mimi mwenye umri huu." Akanipa ruhusa ya kwenda Beni muda wowote nitakaouhitaji.

Mama Kanyere nilimkuta nje ngazini, mikono ndani ya mikono ya sweta, akimsubiri Séphora alete teksi.

"Mama, yale nilisema kule ku uwanja..."

"Nilisikia."

"Unisamehe."

"Nimekusamehea. Lakini Jumatatu ukuye mapema."

"Wasingya, Mama," nikasema, nikimshukuru kwa Kinande cha nyumbani.

Nilikaa Beni wiki tano. Nilifungua programu yote nikaiandika upya, na kila mstari niliousahihisha ulipita kwanza kwenye kiganja chake. Nilipunguza mwendo wa reki. Niliweka kihisi cha joto chini ya mbao, na ili kukirekebisha, Mama Kanyere aliweka mkono mezani kila adhuhuri akisema "bado, bado, bado, sasa," nami naandika namba. Séphora ndiye aliyeshona turubai ambalo mashine inalivuta kufunika meza. Na bila kificho niseme kwamba kakao yetu ya kwanza ilichukua siku saba, yaani siku zile zile za mikono. Sikuokoa hata siku moja. Lakini wanawake walikuwa wamekaa, migongo imenyooka, na Mama Kanyere alikuwa anang'ata bila kutema.

Lori la kwanza lilipofika kwa mnunuzi nilikuwepo. Mwonjaji wao alipasua mbegu hamsini kwa kisu, akazinusa, akang'ata tatu, akaashiria wapakuzi waendelee. Ilichukua dakika kumi. Mama Kanyere alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anaongea na mlinzi. Lori liliporudi tupu machozi yalinitoka, wala sioni aibu kuyataja. Tani nane zilipita hivyo msimu ule, na Madame Falonne akapata alichotaka kuona.

Baada ya msimu Profesa alipanga semina mpya. Tangazo lilibandikwa kwenye malango yote ya chuo, kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza tangu kituo kianzishwe: Mama Kanyere, mtaalamu wa ukaushaji, Beni, atazungumza juu ya namna kakao inavyokauka. Mimi niliteuliwa kumtambulisha. Desturi yetu ni kusoma kwanza wasifu wa mgeni: alisoma wapi, ana shahada gani, ameandika nini. Nikampigia simu nikamweleza kwamba nahitaji karatasi ya namna hiyo.

"Mutu anaandika kazi yake yote, vile aliifanya?" akauliza.

"Njo vile."

"Kamata bic, uandike. Lakini usibadilishe hata neno."

Alhamisi ile watu walisimama mpaka kwenye madirisha. Kina mama wa ushirika walikuja ishirini na wawili, nguo za sherehe, wakaketi safu mbili za mbele. Mama Kanyere alisimama kando yangu akiwa na kitambaa kipya kichwani. Nikakunjua karatasi nikasoma alivyoniandikisha kwenye simu.

"Kanyere wa Eringeti. Mwaka wa kwanza wa kakao: niliharibisha magunia kumi na moja. Niliikausha ku kivuli, ikaota ukungu. Mwaka wa pili: niliharibisha magunia sita. Nilikuwa na haraka, niliitosha inje ya sanduku siku ya tatu. Mwaka wa tatu: magunia ine. Mvua ilikuya, mimi nilikuwa ku kwaya."

Ukumbi ulicheka, na kina mama wa safu za mbele wakacheka kuliko wote.

"Mwaka wa ine: gunia moja. Mwaka wa tano: hapana. Kisha miaka mbili hapana kakao, ju tulikimbia." Kicheko kilikatika. Nikaendelea. "Beni, mwaka wa kwanza: magunia mbili, kwa sababu joto ya Beni si joto ya Eringeti, na sikukuwa na mutu wa kuuliza. Tangu pale, hapana tena."

Hiyo ndiyo karatasi nzima. Nimesoma wasifu wa watu wengi pale mbele, wengine kurasa sita, na sikuwahi kusoma mmoja ulioufanya ukumbi usikilize namna ile. Nikamgeukia nimkabidhi maikrofoni. Hakuipokea.

"Usome na yako," akasema.

"Yangu, Mama?"

"Yako. Bote basikie."

Niliwatazama. Profesa na tai yake, wanafunzi wangu madirishani, wenzangu wa karakana, kina mama wa Beni. Majaribio yale mawili ya Directeur yalikuwa gunia moja moja. Nikainua maikrofoni.

"Luc wa Lubero," nikasema. "Mwaka wa kwanza wa kakao: niliharibisha magunia mbili."

Mama Kanyere akaupokea mkono wangu pamoja na maikrofoni yenyewe, akaugeukia ukumbi.

"Mumesikia? Mbili tu. Mimi kumi na moja, yeye mbili," akasema. "Huyu mutoto atanipita."